Faranga, Dola na Mwanafunzi wa Staji (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha mwanafunzi wa informatiki mlangoni, barua ya chuo mkononi, akizunguka mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kutafuta wa kumpokea kwa staji, yaani mafunzo ya kazini. Kutoka Kavimvira hadi Kalundu si rahisi akute ofisi iliyojaa wahandisi wa programu wa kumshika mkono. Atakuta duka la dawa, kituo cha afya, bohari ya saruji, kibanda cha M-Pesa. Wengi hupokelewa mahali ambapo kazi yao ni kupiga chapa barua na kutoa fotokopi. Mwezi unakwisha, ripoti inatiwa jalada la plastiki, na programu haijaandikwa hata mstari mmoja.

Nadhani duka la dawa ni shule nzuri kuliko tunavyolidhania, ili mradi msimamizi amtoe kijana kwenye printa, amketishe kaunta.

Tuketi naye. Mama anaingia na cheti cha daktari. Bei ya dawa imeandikwa kwa dola. Yeye ana faranga za Kongo na, kwa kuwa ametoka Bujumbura asubuhi, faranga kadhaa za Burundi. Muuzaji anauliza kiwango cha leo kwa kambisti, mbadilisha fedha aliye kando ya barabara, anapiga hesabu, anapokea fedha za aina mbili na kurudisha chenji ya aina moja. Noti ya dola iliyochanika pembeni anaikataa. Yote haya hayachukui dakika tatu, na programu ya mauzo ambayo kijana alifundishwa darasani imekwisha kuvunjika, maana ilikuwa na kisanduku kimoja tu kilichoandikwa «bei».

Hapo ndipo uhandisi unapoanza. Atagundua kwamba kiasi cha fedha peke yake hakina maana: lazima kiandamane na jina la sarafu, na kiwango cha saa ile kihifadhiwe pamoja na mauzo yale. Akihifadhi kiwango kimoja cha duka zima, siku atakapokibadilisha atakuwa amebadilisha hesabu za mwezi uliopita bila kujua, na mwenye duka atamwona mfanyakazi wake mwizi.

Kisha atakutana na jambo la ajabu zaidi. Akijumlisha senti za dola kwa namba zenye nukta, lugha nyingi za programu zitamwambia kwamba 0.1 na 0.2 ni 0.30000000000000004. Mashine haijaharibika. Kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namna hiyo, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu: 0.333, unaendelea mpaka uchoke. Dawa yake ni ya zamani: hesabu senti nzima nzima, usihesabu vipande vya dola. Mwanafunzi anaweza kulikariri somo hili kwa mtihani na kulisahau jioni. Akiliona kwenye daftari la mtu anayemdai hesabu, halisahau.

Mtandao nao una somo lake. Muuzaji anabonyeza kutuma, alama inazunguka, umeme unakatika. Je, malipo yamefika? Anabonyeza tena, na mteja anakatwa mara mbili. Tiba ni kila ombi kupewa namba yake kabla halijaondoka, ili upande wa pili ukiona namba ileile ujibu, «hili nimeshalipokea», bila kulipa upya. Mwanafunzi wa mji ambao umeme haukatiki anaweza kulisoma jambo hili kama nadharia. Uvira italirudia mbele yake siku ileile.

Na nakala za akiba? Usiku mmoja wa Aprili 2020 Mto Mulongwe ulipofurika, ulibeba nyumba na watu, na bila shaka madaftari pia. Anayeandika programu mjini humu hana udhuru wa kuweka kazi yake kwenye kompyuta moja. Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, kinafaa hapa pengine kuliko huko kilikozaliwa: kila kompyuta hubeba historia yote ya kazi, mtu huandika na kuhifadhi bila intaneti, kisha husukuma mabadiliko mtandao unaporudi. Ajabu ni kwamba bado napokea kazi za wanafunzi kwenye flashi, faili likiitwa «mwisho», jingine «mwisho kabisa».

Wazo la kumtoa mwanafunzi darasani si geni. Mwaka 1906 Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, aliwapanga wanafunzi 27 wa uhandisi wapishane kati ya darasa na kiwanda. Siri ilikuwa huko kupishana. Aliyekwama kiwandani alirudi na swali lake kwa mwalimu, kisha akarudi tena kazini. Kwetu Kongo, hata baada ya mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) kuenezwa vyuoni tangu mwaka wa masomo 2021-2022 na kila kitu kuhesabiwa kwa krediti, staji mara nyingi bado inakuja mwishoni. Swali la kaunta linazaliwa wakati darasa limeshafungwa.

Ningeongeza sharti moja katika ripoti: ukurasa wa maneno ya watumiaji kama walivyoyasema. Kijana wetu husikiliza shida kwa Kiswahili, pengine kwa Kifuliiru au Kibembe, huandika programu kwa maneno ya Kiingereza, na hueleza kazi yake kwa Kifaransa. Njiani vitu hupotea. Muuzaji akisema «deni», ana maana ya mtu anayemjua, atakayelipa mshahara ukitoka. Kwenye skrini neno hilo limegeuka «crédit client», lenye tarehe ya mwisho na rangi nyekundu.

Juma lijalo: nauli na chakula cha mchana cha huyo kijana, na nani avilipie.