Chembe ya Tope Mbele ya Fort Jesus

Manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, Mombasa, ngome hiyo ikiwa imezingirwa na Waomani. Wapiga mbizi walipoichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, walikuta mbao zake za chini zingalipo, kwa kuwa tope lilikuwa limezifukia. Tope hilo lilitua kwa kasi gani?

Mwaka 1851 George Stokes alionyesha kuwa kipenyo cha chembe ndogo kikiongezeka maradufu, kasi yake ya kuzama huongezeka mara nne. Chembe ya maikroni 10, yaani milimita 0.01, huzama kama milimita 0.1 kwa sekunde. Kwenye kina cha mita 15 itahitaji takriban saa 40, na muda huo bahari itakuwa imejaa na kupwa mara tatu. Kwa hiyo mkondo lazima uingie kwenye hesabu, nasi twahitaji kompyuta.

Kompyuta hukokotoa mwendo hatua kwa hatua. Njia nyepesi, ya Euler, hupima ukinzani wa maji kwa kasi ya zamani, kisha hutoa kasi mpya. Tuipe hatua ya sekunde 0.001, chembe ikianza imetulia. Hatua ya kwanza: inashuka milimita 6 kwa sekunde. Ya pili: inarushwa juu, zaidi ya sentimita 30 kwa sekunde. Ya tatu: inashuka takriban mita 20 kwa sekunde! Programu haikukosea kujumlisha. Chembe hii huizoea kasi yake ya mwisho kwa sekunde 0.00002 hivi, na hatua yetu imeuruka muda huo mara nyingi.

Dawa ni kupima ukinzani kwa kasi mpya inayotafutwa. Bora zaidi, naona, ni kuipa chembe kasi yake ya mwisho tangu mwanzo, hatua zifuate mwendo wa maji tu: maji ya bamvua yana nguvu, maji mafu ni mapole.

Linabaki gumu moja. Tope la Mto Kombeni likikutana na chumvi ya Hori ya Tudor, chembe hushikamana na kuzama upesi zaidi. Anayetaka kukadiria tope la Bandari ya Kale, jirani na ngome hiyo, apime kwanza mabonge hayo humo humo majini, kabla hayajakaushwa maabarani.