Malori, Vitanda na Muda: Hesabu ya Majani Mabichi Gusii

Jani la chai likishachumwa huendelea kupumua, na likirundikwa muda mrefu ndani ya gunia hupata joto, huwa jekundu na kupoteza ubora kabla halijaguswa na mashine. Kwa hiyo viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo nchini Kenya, kama Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo katika kaunti ya Nyamira, au Kiamokama, Nyamache na Ogembo katika kaunti ya Kisii, zote mbili za eneo la Gusii, hukabiliwa na maswali mawili: vituo vya kununulia majani vigawiwe malori vipi, na majani yapokewe kiwandani kwa utaratibu gani.

Swali la kwanza ni la kuunda makundi. Njia mashuhuri ya kulijibu, aliyoibuni Stuart Lloyd mwaka 1957, huchagua vitovu kadhaa, huunganisha kila kituo na kitovu kilicho karibu nacho, kisha husogeza vitovu hadi katikati ya makundi yao na kurudia hatua hizo mpaka mabadiliko yakome. Hiyo ni hiuristiki, yaani kanuni ya kupata jibu zuri upesi bila kuahidi kwamba ndilo bora kupita yote, wala si udhaifu kuitumia, kwa kuwa idadi ya chaguo hukua upesi mno: hata baada ya mgawanyo, lori lenye vituo 10 tu linaweza kuvipitia kwa mifuatano 3,628,800. Katika vilima vya Gusii, hata hivyo, umbali wa ramani hupotosha: vituo vinavyotazamana ng'ambo ya bonde huweza kutenganishwa na barabara ndefu inayozunguka na kuteleza mvua inaponyesha, hivyo yafaa kupima dakika za safari, na kitovu kiwe kituo halisi kinachofikika.

Kiwandani, majani hunyaushwa kwa saa 12 hadi 18 hivi juu ya vitanda vinavyopulizwa hewa, ndipo yasagwe, yachachuke na kukaushwa. Kitanda kilichojaa hakipokei mzigo mwingine, na hapo ndipo kosa kubwa hutokea: mgawanyo wa vituo unaookoa mafuta mengi huweza kuyafikisha malori yote langoni kwa wakati mmoja, majani yakaungulia humo yakingoja nafasi. Wanaounda programu za kupanga kazi hii hawana budi kuweka mafuta ya lori na muda wa jani kusubiri katika lengo moja la hesabu, kwani bonasi ya mkulima hutegemea bei ya chai katika mnada wa Mombasa, nayo bei hufuata ubora wa jani.