Siku Moja ya Ruhusa: Kutoka Mwamba wa Tororo Hadi Mpaka wa Busia

Abiria wa meli, baada ya siku nyingi za kutazama maji matupu, huingoja kwa hamu siku ya kushuka bandarini. Hunyosha miguu, hutembea sokoni, hula chakula cha wenyeji, kisha hurudi kabla king'ora hakijalia. Askari aliye kazini hana tofauti kubwa na abiria huyo. Naye hupewa siku moja tu, na saa ya kurudi imekwisha kuandikwa katika cheti chake cha ruhusa.

Kwa jamaa za askari wakaao mashariki ya Uganda, bandari ya namna hiyo haina bahari. Ni Tororo na Busia, miji iliyoachana kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 30. Reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, msafiri wa Uganda alishuka garini akapanda stima ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1931 reli ilifika Kampala kwa kupitia Tororo, na mji huo, panapogawanyika njia ya Mbale na Soroti, ukawa kituo mashuhuri cha wasafiri. Siku hizi wengi hufika kwa basi.

Askari mmoja, mkewe na watoto wao wawili waliianza siku yao alfajiri, chini ya Mwamba wa Tororo. Mwamba huo ni mabaki ya mlima wa moto wa kale, na kilele chake kina mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Busara ni kuupanda kabla jua halijakuwa kali, kwa viatu visivyoteleza na maji ya kunywa, watoto wakishikwa mkono penye miinuko. Anga likiwa safi, upande wa kaskazini huonekana Mlima Elgon, wenye mita 4,321, na upande wa kusini Ziwa Viktoria hung'aa kwa mbali. Mtoto mdogo alinyosha kidole mashariki akauliza, "Baba, kwa bibi ni wapi?" Baba akamjibu, "Nyuma ya miti ile, mwanangu. Leo utamwona."

Bibi huyo ni Msamia wa upande wa Kenya. Wasamia, kama Wateso, wanakaa pande zote mbili za mpaka, na wengi huvuka kwenda arusini, matangani na sokoni. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya na Uganda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na mwaka 2018 kilifunguliwa rasmi Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa mahali pamoja tu. Lakini askari havuki kwa hiari yake; hana budi kuwa na ruhusa ya mkubwa wake. Kwa hiyo ikakubaliwa bibi ndiye avuke.

Alifika saa tano, amepanda bodaboda. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilizaliwa hapo hapo Busia, vijana wa baiskeli walipowaita abiria wa kupelekwa "boda" hata "boda", yaani toka mpaka mmoja hata wa pili. Leo jina hilo limeenea Afrika Mashariki nzima.

Mkwe alisimama mbali kidogo, kwa heshima ipasayo, akasalimu, "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Mmenipunguzia njia," akajibu, huku wajukuu wamekwisha kumning'inia shingoni. Mwaka mzima ulikuwa umepita hawajaonana.

Walikula ugali wa wimbi kwa samaki, kisha akina mama wakaingia sokoni. Hapo dagaa huitwa mukene na Waganda, na omena na Wakenya. Samaki ni yule yule. Mama alimwonyesha binti yake namna ya kuchagua: walio wakavu, wenye kung'aa, wasio na mchanga wala harufu ya uvundo. Akamkumbusha pia kuuliza bei ni ya shilingi ipi, ya Uganda au ya Kenya, kabla ya kufungua mkoba, maana thamani zake si moja.

Saa tisa ilipogonga, hakuna aliyetaka kuinuka. Watoto waliomba saa moja zaidi. Bibi ndiye aliyesimama kwanza, akafunga kanga yake, akasema, "Baba yenu ana saa yake. Akichelewa leo, siku nyingine hatapewa."

Jioni, kabla ya saa kumi na mbili, askari alikuwa amekwisha kuripoti, na nyumbani dagaa wa bibi walikuwa jikoni. Mkewe aliweka akiba nusu yao katika kopo kavu lenye kifuniko, ili watoto waendelee kula zawadi ya bibi hata wiki ijayo.