Ekseli, Mvua na Barabara za Kiruruma

Mvua zikikolea Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, lawama za barabara kuharibika huangukia malori. Lawama hizo zina msingi, lakini zikilenga lori kwa sababu tu ni lori, zinakosa shabaha, na masharti yanayowekwa kwa kuzifuata hukosa shabaha vilevile. Kata ya Kiruruma, kama zilivyo kata nyingi za wilaya hizi mbili, inaishi kwa ndizi, kahawa na maharage. Mazao hayo hufika sokoni kwa kupitia barabara za udongo na changarawe zilizo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Kulifukuza lori ni kumfukuza mnunuzi, na kuliacha lipite litakavyo ni kuikata barabara ileile inayomleta. Naamini ipo njia ya tatu, na fizikia imekwisha kuionyesha: tupime uzito unaokanyaga ardhi kupitia kila ekseli, kisha tuupandishe na kuushusha ukomo wake kulingana na maji yaliyomo barabarani.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii ulipatikana mbali na Kagera, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani. Kuanzia 1958 hadi 1960, malori yalizungushwa kwenye barabara za majaribio, kila kundi likiwa na uzito wake maalumu, mpaka ekseli zaidi ya milioni moja zikawa zimepita. Ilibainika kwamba madhara hayakui sambamba na uzito, bali hukua takriban kwa kipeo cha nne. Ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, barabara huumia kama mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Dereva akiifikisha tani 12, amezidisha uzito kwa asilimia 20 tu, lakini madhara yamezidi mara mbili. Tugeuze hesabu upande wa pili: uzito wa ekseli ya tani 10 ukibebwa na ekseli mbili za tani 5, kila moja huiumiza barabara kwa sehemu moja ya 16, na zote mbili kwa pamoja kwa sehemu moja ya nane. Mzigo ni uleule na umefika kulekule.

Mhandisi makini atapinga kwamba barabara za Illinois zilikuwa za lami na zege, wakati hapa tunazungumzia changarawe iliyomwagwa juu ya udongo. Ana haki ya kupinga, kwa sababu kipeo hicho hubadilika kulingana na aina ya barabara. Hata hivyo, jaribio hilohilo lilionyesha jambo la pili ambalo kwetu lina uzito kuliko la kwanza: sehemu kubwa ya uharibifu ilitokea majira ya kuchipua, barafu ilipoyeyuka na ardhi chini ya barabara ikajaa maji. Changarawe kavu hubeba mzigo kwa sababu punje zake hukwaruzana na kushikana. Maji yakijaza nafasi kati ya punje, gurudumu linapokandamiza, shinikizo hupokelewa na maji badala ya punje. Punje hulegea, tope hububujika pembeni mwa tairi, na gurudumu huacha mfereji. Mfereji huo huhifadhi mvua inayofuata, na lori la nyuma hufuata mkondo huohuo kwa sababu ndiko matairi yanakoelekea yenyewe. Greda likija baadaye, hulazimika kukwangua changarawe nzuri ya pembeni ili kufukia. Katika hali hiyo, lori moja la saa tatu asubuhi baada ya mvua ya usiku linaweza kufanya madhara ambayo magari mengi ya kiangazi hayafanyi.

Ndiyo maana mabango ya tani 10 tuliyoyazoea kwenye barabara za vijijini hayatoshi. Bango husema jambo lilelile mwezi Julai, barabara ikiwa ngumu kama sakafu, na mwezi Aprili, ikiwa uji. Nchi nyingine zimekwisha kulitambua hili. Jimbo la Minnesota, Marekani, hushusha ukomo wa uzito wa ekseli kila barafu inapoyeyuka, na Kameruni hutumia vizuizi vya mvua: mvua ikinyesha kizuizi hushushwa, magari mazito husubiri, na barabara ikikauka hufunguliwa. Kalenda ya Kagera inaurahisishia mpango huu njia. Uvunaji wa kahawa huanza mwezi Mei na kushika kasi katika miezi mikavu ya Juni hadi Agosti, kwa hiyo magunia mengi yanaweza kusafiri barabara ikiwa na nguvu. Kinachobaki kuwa kigumu kweli ni ndizi, ambayo hukatwa mwaka mzima na haina subira.

Hapo ndipo pingamizi zito linapotokea, nalo ni la mkulima. Fuso isipoingia shambani, mikungu itabidi ipelekwe kwa Canter au pikipiki hadi barabara kubwa, na gharama hiyo mnunuzi ataikata kwenye bei. Sitaki kulipunguza pingamizi hili; gharama ipo. Lakini iwekwe kwenye mizani pamoja na gharama ya pili: kalavati likikatika, ndizi huivia shambani, na mjamzito hafikishwi hospitali. Kusubiri nako kunaweza kuwa kwa saa chache badala ya siku ikiwa barabara ina mgongo, yaani kila mita kutoka katikati inashuka kama sentimita tano, na mitaro imezibuliwa. Wapo pia wanaohofia kwamba kizuizi kitageuka kituo cha kutoza fedha. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kanuni ambayo mwanakijiji yeyote anaweza kuikagua: kipimo cha mvua kinachosomwa hadharani, saa ya kufunga na kufungua iliyoandikwa ubaoni, na marufuku ya fedha yoyote kupokelewa pale. Kuhusu wanaosema dawa ni lami, TARURA inahudumia zaidi ya kilomita 144,000 nchini. Lami haitafika kila kitongoji katika kizazi hiki, na lami nyembamba iliyowekwa kwenye barabara ya kijiji nayo hupasuliwa na ekseli iliyozidi.

Uzito huohuo ndio unaotishia roho za watu. Lori la tani 15 likishuka mteremko wa mita 100 kwa wima, na milima ya Karagwe ina miteremko ya namna hiyo, huachia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji. Dereva asipotumia gia nzito, sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia kwenye breki ikiwa joto, na breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 60, nishati ya kusimamishwa huongezeka mara 2.25, tena juu ya kokoto zinazoteleza, mbele ya bodaboda na watoto watokao shule. Mifereji ya magurudumu huzidisha hatari, kwani lori hulazimika kuhama upande wake kuikwepa. Kwa hiyo agizo la gia nzito juu ya mteremko, na ukomo wa mwendo panapopita wanafunzi, ni sehemu ya mpango mmoja na ukomo wa ekseli.

Mizani ya kudumu imewekwa kwenye barabara kuu, na haiwezekani kuiweka kila kata. Mizani ya kuhamishika inawezekana. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zikae na TARURA, vyama vya msingi vya ushirika na wanunuzi wa ndizi katika miezi ya kiangazi, wakubaliane ukomo wa ekseli wa mvua na wa jua kwa kila barabara, na wauandike kwenye mabango kabla mvua za vuli hazijaanza.