Fahamu: Namba tasa yenye tarakimu milioni 41
Andika 2 mara 136,279,841, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Jibu ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mmarekani Luke Durant aliigundua Oktoba 2024, akavunja rekodi ya 2018 ya namba tasa kubwa zaidi inayojulikana. Matumizi? Fahari tu, kwa sasa.

Ina tarakimu 41,024,320. Ukisoma moja kila sekunde, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya siku 474 na ushei. Ya mwisho ni 1, na hiyo hata kalamu inatosha kuithibitisha: mbili zikizidishwa, mwisho wake huzunguka 2, 4, 8, 6. Hapa mzunguko unaishia kwenye 2. Toa 1, inabaki 1. Kwa lugha ya kompyuta, namba nzima ni moja tupu, 136,279,841 mfululizo, bila sifuri hata kidogo.