Mashini inayotangulia mtu shimoni



Hewa inayoua chini ya udongo mara nyingi haina harufu. Gazi ya moshi, ile waganga wanayoita monoksidi ya kaboni, haionekani kwa macho wala haichomi pua. Ikiingia mwilini inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwenzako anaanguka, wewe unakimbia kumwinua, nawe unaanguka juu yake. Sisi wa dispanseri twaijua sana habari hiyo: mara nyingi maiti ya pili ni ya yule aliyekwenda kuokoa.

Ndiyo maana mafundi walitafuta kitu kisichovuta pumzi, kitangulie mbele ya mtu. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mji wa Pittsburgh, Marekani, walitengeneza roboti yenye miguu minane kama buibui, wakaiita Dante. Mwanzo wa mwaka 1993 waliishusha katika mlima wa moto Erebus, huko Antaktika. Haikufika mbali: uzi uliopeleka habari zake juu ulikatika baada ya mita chache tu. Mwezi huohuo, katika mlima wa moto Galeras, nchi ya Kolombia, watu tisa walikufa, na sita kati yao walikuwa wataalamu wa milima ya moto. Basi mafundi hawakuacha. Mwaka 1994 Dante wa pili akashuka ndani ya mlima Spurr, Alaska, akining'inia kwa kamba yake ya chuma, akapima gazi chini kabisa. Wakati wa kupanda akateleza, akalala ubavu kama mbuzi aliyefungwa miguu. Ikabidi atolewe kwa helikopta. Chuma kikivunjika tunanunua kingine.

Lakini habari inayotugusa sisi wa mgodi ni ile ya Quecreek, jimbo la Pennsylvania. Mwezi wa Julai 2002 wachimbaji wa makaa walitoboa ukuta wa mgodi jirani uliokwisha kuachwa, uliojaa maji. Ramani waliyopewa haikuonyesha kwamba mgodi ule wa zamani umefika karibu hivyo. Watu tisa walifungiwa na maji chini kwa saa 77 hivi. Wenzao walitoboa tundu kutoka juu, wakawasukumia hewa ya moto, wakavuta maji kwa pampu, wakawatoa wote tisa wazima.

Baada ya hatari hiyo, watu walewale wa Pittsburgh waliunda Groundhog, kwa kuchora ramani za migodi iliyoachwa. Umbo lake litawachekesha: walichukua nusu za mbele za pikipiki mbili za magurudumu manne, wakaziunganisha mgongo kwa mgongo. Galeri ni nyembamba, hakuna nafasi ya kugeuza gari. Sasa mashini hii haina nyuma, pande zote mbili ni mbele. Na kwa kuwa mwamba unazuia redio, iliwekewa akili ya kujiamulia peke yake. Mwezi wa Mei 2003 iliingizwa katika mgodi wa Mathies. Baada ya mita karibu 300 ilikuta chuma cha dari kimevunjika na kulala katikati ya njia. Ikapima, ikaona haipiti, ikaamua kurudi. Nawajua makapita ambao wangejaribu kupita.

Wazazi, angalieni watoto. Shimo la zamani karibu na kambi si mahali pa kujificha wala pa kuokota mawe. Oksijeni humo yaweza kuwa imepungua, na mtoto hana mashini ya kumtangulia.

Tena msidhani kwamba roboti inaweza yote. Tarehe 19 Novemba 2010 mgodi wa makaa wa Pike River, Nyuzilandi, ulilipuka. Watu wawili walitoka, 29 wakabaki ndani. Jamaa zao walilia mlangoni wakitaka waokoaji waingie mara moja. Wakubwa walikataa, kwa sababu hali ya hewa ya ndani haikujulikana. Tarehe 23 waliingiza roboti ya waaskari, iliyotengenezwa kwa kazi ya mabomu. Ilikwenda mita kama 550, maji yakaingia katika umeme wake, ikazimika. Uchungu wa wamama wale ninauelewa: siku nne mume yuko chini, na mashini ndiyo inatumwa, nayo inakufa njiani.

Kesho yake, tarehe 24, mgodi ulilipuka mara ya pili. Kama waokoaji wangekuwa ndani, hesabu ya wafu ingeongezeka.

Watu waliingia tena katika njia ile mwezi wa Mei 2019, baada ya hewa yake kupimwa na kusafishwa.