Kwa nini mama wa kambini hurudi porini kutafuta kuni

Wasikiapo habari za Goma, mji wa Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, watu wengi wa mbali huuliza swali moja: ikiwa wanawake wa kambi za waliokimbia vita wanajua kwamba porini kuna wenye silaha, mbona wanarudi? Linaulizwa kwa nia njema, lakini ndani yake mna lawama kidogo, kana kwamba mama hajui anakokwenda. Anajua. Anamjua hata jirani aliyepatwa na mkasa wiki iliyopita. Na bado alfajiri humwachia binti mkubwa wadogo zake, akachukua panga na kamba, akaondoka.

Ukitaka kumwelewa, anzia kwenye sufuria. Mgao wa chakula kambini, unapopatikana, kwa kawaida huwa unga wa mahindi, maharage makavu, mafuta na chumvi. Unga unaiva upesi. Maharage ndiyo yenye taabu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa hiyo maharage hukaa jikoni muda mrefu kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Mama hana jiko la kufunikwa. Ana mafiga matatu nje ya kibanda cha turubai, upepo unakula nusu ya moto, na mvua za Kivu haziombi ruhusa. Sufuria moja ya maharage inaweza kumaliza kuni za siku nzima.

Hapo ana njia mbili. Auze sehemu ya mgao apate pesa za mkaa, ambao Goma huitwa makala, na watoto wale kidogo; au akafuate kuni mwenyewe, na akibahatika kupata mzigo mkubwa, auze baadhi anunue sabuni na dawa. Wengi huchagua kuni kwa sababu mgao wenyewe hauna uhakika.

Kwao hakukuwa hivyo. Wengi waliokimbilia pembezoni mwa Goma tangu waasi wa M23 waliposhika tena silaha mwishoni mwa 2021 ni wakulima wa Rutshuru na Masisi, watu wa maharage, mahindi, viazi na migomba. Kuni walizikata kando ya shamba lao. Kambi kama ile ya Kanyaruchinya zilikaa juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima Nyiragongo, volkano iliyolipuka 2002 na tena 2021. Juu ya mawe hayo jembe haliingii. Kuchimba choo kulikuwa kazi ya siku nyingi, ndiyo maana kipindupindu hakikukauka, na kupanda hata mchicha kulikuwa ndoto. Mkulima aliyehamishiwa kwenye mawe amepoteza chakula, kuni na kazi kwa siku moja, na msaada humrudishia kimoja tu kati ya hivyo vitatu.

Msitu ulio jirani na Goma ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kukata miti humo ni kosa, lakini biashara ya makala yanayochomwa humo imelisha makundi yenye silaha kwa miaka mingi. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani hujikuta kati ya askari wa hifadhi, wanamgambo, waasi na wanajeshi, na hakuna kati yao anayemtambua kama raia mwenye njaa. Wa kwanza humwona mharibifu wa mazingira. Waliobaki humwona windo.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilisema kwamba mwaka 2023 lilitibu zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini Kongo, wengi mno wakiwa Kivu Kaskazini, na kwamba wengi walishambuliwa walipotoka kutafuta kuni, maji au chakula. Na mume, mbona haendi yeye? Familia hulijadili jambo hilo, na hesabu yake ni ya kutisha: mwanamume akikamatwa porini huuawa au hulazimishwa kushika bunduki, lakini mwanamke huenda akarudi. Kwa hiyo anatumwa yule anayetarajiwa kurudi. Sijui jina jingine la uamuzi huo ila umaskini.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 waliingia Goma. Wiki mbili baadaye watu wa kambi ya Bulengo walipewa saa 72 waondoke, na kambi nyingi zilizokuwa zimehifadhi zaidi ya watu nusu milioni zikavunjwa. Kurudi nyumbani kunasikika kuzuri ukiwa mbali. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa au kuchomwa, mashamba mengine yana mabomu ambayo hayajalipuka, na mbegu zilishaliwa zamani. Majuma hayohayo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote nchini humo, ilisimamisha misaada yake. Miongoni mwa vilivyoadimika ni vidonge vya kuzuia maambukizi ya VVU, ambavyo aliyebakwa anapaswa kuvianza ndani ya saa 72. Benki za Goma nazo zilifungwa, kwa hiyo hata ndugu wa Kinshasa aliyetaka kutuma kitu alihangaika.

Tatizo hili halikuanzia Goma. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kigoma, Tanzania, mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, imeshuhudia wanawake wakishambuliwa wakifuata kuni, na ugomvi na wanavijiji juu ya miti. Tiba zake zinajulikana: majiko banifu, makaa ya mabaki ya mazao, fedha mkononi badala ya magunia, vinu vya kusagia ili chakula kiive haraka. Kasoro ni kwamba moto hupangiwa bajeti mwishoni, wakati fedha zimekwisha.

Basi ikiwa kanisa lako, msikiti wako au chama chenu cha ughaibuni kinakusanya mchango kwa ajili ya familia za Kivu, kabla ya kununua gunia la maharage ulizeni bei ya makala, muiongeze kwenye mchango.